Usinunue feiza kabla ya kupima presha ya oili

Ndugu, usilipie seti hiyo ya feiza. Umeeleza kwamba pikapu yako ya Ford F-150 ya mwaka 2006, yenye V8 ya lita 5.4 na valvu 3 kwa kila silinda, hugonga kama dizeli kila ikipata moto na kusimama kwenye taa za barabarani, kwamba fundi amekwambia feiza za kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, zimekufa, na kwamba umeona seti ya bei chee mtandaoni. Kisha ukauliza kuhusu oili nzito. Mimi nilinunua seti ya namna hiyo hapa Texas, na mwisho wake nilinunua injini nzima.

Feiza hukaa mbele ya kamshafti, mahali gia ya cheni inapofungwa, na ndani yake mna mabawa yanayozunguka kidogo katika vyumba vilivyojaa oili. Kompyuta huiamuru solenoidi, yaani valvu ndogo ya umeme, nayo huielekeza oili upande huu au ule wa mabawa, na kamshafti husogea ikawahi au ikachelewa ikilinganishwa na cheni. Kwa kuwa kila upande wa injini hii una kamshafti moja tu, valvu za kuingiza hewa na za kutolea moshi husogezwa pamoja. Nguvu yote ya kusukuma ni presha ya oili ileile inayolainisha injini. Injini ikipata moto, oili huwa nyepesi, na gari linaposimama bila kukanyagiwa mafuta, pampu huzunguka polepole, hivyo presha hufika chini kabisa; mabawa hukosa kinachoyashikilia, springi za valvu huisukuma kamshafti mbele na nyuma, na hapo ndipo unaposikia kule kugonga kunakotoweka mara ukiongeza mwendo.

Sasa jiulize presha imekwenda wapi, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo fundi wangu hakujiuliza. Katika injini hizi cheni hukazwa na tenshena zinazosukumwa na oili, zenye mwili wa plastiki, na mpira wa kuzibia ulio nyuma yake hupasuka na kuchomoka. Oili inayovuja hapo hurudi ndani kwa ndani kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa hiyo hutaona hata tone chini ya gari, lakini silinda hedi, sehemu ya juu ya injini zinakokaa kamshafti, hubaki na njaa, feiza huanza kugonga, na lawama zote huangukia feiza. Kubadilisha feiza katika hali hiyo ni sawa na kufunga mabomba mapya katika nyumba ambayo tangi lake linavuja.

Ndivyo nilivyofanyiwa. Gereji ilifunga feiza zangu za bei chee, ikaacha tenshena zilezile, haikufungua sampu, na nilipouliza kuhusu presha, fundi alinyooshea kidole kipimo cha dashibodi akasema, "Si unaona mshale uko katikati?" Nilimwamini, maana alikuwa amevaa ovaroli iliyodariziwa jina lake, na mtu mwenye jina kifuani humdhanii uongo. Kelele zilinyamaza kwa muda mfupi, kisha zikarudi zikiwa kali zaidi. Wakati huo cheni iliyolegea ilikuwa ikizipiga njia zake za plastiki hadi zikavunjika, vipande vikaanguka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Kamshafti za injini hii hukaa moja kwa moja juu ya aluminiamu ya hedi, bila beringi za kubadilisha, kwa hiyo oili ilipokatika, hedi zilikwanguka na hapakuwa na cha kuokoa. Kwa fedha zilizokwenda ningeweza kuoa tena, na ninasema hivyo kama mfano tu, kwa kuwa mke wangu husoma jukwaa hili.

Muuzaji wa ile seti aliandika kwamba "inamaliza tatizo." Fundi naye, nilipomrudia, alisema gari la Kimarekani ndivyo lilivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyetaja jambo ambalo baadaye niliona linajulikana sana kwa wanaozitengeneza injini hizi, kwamba kipimo kile cha dashibodi huendeshwa na swichi tu: presha ikizidi paundi chache, mshale hupanda katikati na kukaa hapo, hata kama hedi zinakufa kwa kiu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, mwambie fundi aifungue swichi ya oili iliyo karibu na filta, afunge kipimo cha mkono, aendeshe gari mpaka injini ipate moto kweli, kisha asome presha ikiwa haijakanyagiwa mafuta na alinganishe na kitabu cha ufundi cha injini hiyo. Akikataa, ondoka na gari lako. Presha ikiwa nzuri, angalia solenoidi, kwa kuwa vichujio vyake huziba kwa uchafu wa oili, na hapo tu ndipo feiza ishukiwe. Sikatai kwamba nayo huchakaa, hasa tundu la pini inayoifunga feiza isisogee injini inapozimwa. Presha ikiwa ndogo, sampu ifunguliwe, cheni na njia zake zibadilishwe pamoja na pampu, na tenshena ziwe zile za mwili wa chuma za 5.4 ya valvu 2, ambazo huingia bila shida.

Oili nzito usiweke. Mtengenezaji aliagiza oili nyepesi ya 5W-20, na anayekushauri 20W-50 anataka kuficha kelele mpaka gari litoke getini kwake. Ukishapata namba za presha, ziandike hapa pamoja na misimbo ya hitilafu ya kompyuta, hasa kama ni P0012 au P0022, yaani kamshafti imechelewa kupita kiasi, na usimlipe mtu kabla sijazisoma.