Mti wa Krismasi kwa Vijiti vya Kahawa

Desemba ikifika, kando ya barabara zetu hapa Uganda wanapanga matawi mabichi ya saipresi na misonobari. Mara nyingi kinachouzwa ni kilele cha mti mchanga. Mti ukikatwa kilele hauendi juu wima tena. Huchipua vichwa viwili vitatu, shina likapinda, na mwenye shamba akakosa mbao. Tena tawi lenyewe halidumu: kwa jua la mwezi huu, sikukuu haijaisha limekwisha kahawia na kupukutika sebuleni. Nyumbani kwetu tuliachana nalo, na sioni tutakalolijutia.

Tunatumia vijiti vya kahawa. Wakulima wa Buganda na Busoga hupogoa mibuni yao, na iliyozeeka huikata wakaacha kisiki kichipue upya. Mabaki huwa kuni. Mwombe jirani mzigo mmoja, lakini usiende mikono mitupu, kwa maana kuni nazo ni mali. Mimi humpelekea sukari.

Kabla hujabeba, kagua kijiti kimoja kimoja. Kuna mdudu mdogo mweusi anayetoboa matawi ya kahawa, aliyeonekana nchini mara ya kwanza Bundibugyo mwaka 1993, na tangu hapo amewatesa wakulima wa robusta. Geuza kijiti utazame upande uliokuwa chini. Ukiona kitundu cha ukubwa wa ncha ya pini, pengine na unga mweupe mdomoni mwake, kiache hukohuko kichomwe. Ukikihamisha unaweza kumpelekea mwenzako mdudu huyo shambani, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayelipa karo kwa kahawa.

Vizima vikaushe kivulini, umenye magamba ukipenda weupe wa ndani. Vipange sakafuni kuanzia kirefu cha chini, kama sentimita 90, ukipunguza hadi cha juu kiwe kama kiganja. Acha nafasi ya vidole vinne au vitano katikati. Kamba nzuri kuliko zote ni ya maganda makavu ya mgomba: yaloweke mpaka yalainike, yachane, funga yakiwa na maji. Yakikauka hubana fundo lisiteleze. Shusha kamba mbili, kushoto na kulia, ukifunga kila kijiti, halafu ziunganishe juu na utundike kwenye msumari ukutani. Chumba cha kupanga hakipungui nafasi hata kidogo, na mtoto anayetambaa hauangushi.

Nyota yetu ni ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba. Nakipenda kwa wekundu wake wa udongo, na zaidi kwa namna kinavyopatikana: fundi hubandua gome, akafunga shina kwa majani ya mgomba, na mti ukaota gome jingine. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Ukipita soko la sanaa omba vipande vilivyobaki, nyota haihitaji kitambaa kizima. Watoto wako likizo, wape magazeti ya zamani wasokote shanga za karatasi. Hiyo ni kazi ya mchana mzima na nyumba inatulia.

Mishumaa hapana. Maganda ya mgomba na lubugo hushika moto upesi mno, na umeme ukikatika usiku wa mkesha mtu hushawishika kuusogeza mshumaa karibu. Weka taa ya sola mezani, mbali na ukuta huo.

Sikukuu ikipita, nyota ifunge kwenye gazeti uitunze pakavu. Vijiti vikiwa bado vizima, kunja mti wote kama jamvi uuweke juu ya kabati hadi mwakani. Vikianza kutoa unga, vipeleke jikoni vikapikie chai.