Barua kwa mwanangu: kuhusu shule ya Wayahudi wa Mbale

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama ni sawa mjukuu wangu asome Hadassah, ile shule ya msingi ya Wayahudi huko kwenu Mbale, na kama watu wale ni Wayahudi kweli au ni jina tu la kuvutia wafadhili. Hilo la pili limenigusa, nalianza.

Abayudaya, ndivyo wanavyoitwa Wayahudi hao wa Uganda, walianza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda kisha akaona wamempunja. (Usimchanganye na Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu wa Uganda.) Wamishonari walimpa Biblia, naye akazidi kushikamana na Torati. Alipitia kwanza kundi la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Wamalaki walipomwambia kwamba huo ni mwendo wa Wayahudi, inasimuliwa alijibu: basi tangu leo sisi ni Wayahudi. Alifariki 1928. Wafadhili unaowasema walikuja miaka mingi baadaye.

Gharama waliilipa watoto. Shule za enzi zile zilikuwa za misheni, na wengi walitakiwa wabatizwe kwanza ndipo wasome. Aliyekataa alirudi shambani. Ikawa hivyo kizazi baada ya kizazi: watu wanaoishi kwa kitabu, na watoto wao hawana shule. Kisha Idi Amin akapiga marufuku dini yao. Walisali kwa kujificha, wengine wakabatizwa, wengine wakasilimu kwa woga, na jamii ya watu wapatao 3,000 ikabakia na mia chache. Hao waliosilimu kwa woga wananiuma mimi kama Mwislamu, maana Qurani imesema hapana kulazimishana katika dini.

Sasa tazama walichofanya walipopata nafasi. Walijenga Hadassah na sekondari ya Semei Kakungulu, wakapokea watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu, bila kumdai mtoto yeyote abadili dini. Fedha nyingi zimetoka kwa Wayahudi wa Marekani, ni kweli, lakini uamuzi wa nani aingie darasani ulikuwa wao. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa mjini 2010, nacho kinatibu yeyote anayekuja. Nikikumbuka Wamalaki na dawa zao walizozikataa, naona watu hawa wametoka mbali.

Ila linaloniingia moyoni zaidi, mimi mkulima wa kahawa, ni ushirika wao. J.J. Keki, mkulima wa kahawa wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona yale mashambulizi kwa macho yake. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaunda ushirika wa Mirembe Kawomera, wakawa wanauza kahawa yao pamoja hadi California kwa bei ya haki. Mkulima anayemtegemea jirani yake ili gunia lijae hana haja ya kuhubiriwa amani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mpeleke. Hao ni Ahlul Kitab, yaani Watu wa Kitabu, nguruwe hawali, na rabi wao Gershom Sizomu alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini 2016 kwa kura za watu ambao wengi wao si Wayahudi. Majirani wanamjua kuliko sisi tunaosikia kutoka huku Bungoma.

Madrasa asiache. Jumamosi ni Sabato yao, kwa hiyo siku hiyo atakuwa huru kwenda kwa maalimu. Kabla hujamwandikisha, muulize mwalimu mkuu Ijumaa watoto wetu wanaswali wapi na wanatoka saa ngapi. Ada ya muhula wa kwanza nitatuma nikishauza kahawa.

Baba yako