Joto kando, mvua kando: kupanga tabianchi kwenye ramani za michezo ya mikakati

Michezo mingi inayojitungia ramani hupaka tabianchi kwa mistari: msitu katikati, jangwa juu na chini yake, kisha nyasi, kisha theluji. Ni rahisi, na mchezaji huigundua siri hiyo kwenye ramani ya pili. Akishajua yuko mstari gani, hana haja tena ya kutuma mpelelezi.

Mimi natengeneza mchezo wa zamu kwa zamu hapa Kisumu, jioni baada ya kazi, na hoja yangu dhidi ya mistari hiyo ni barabara ya Nakuru. Safari nzima unaambaa na ikweta, ndani ya digrii moja tu ya latitudo. Ahero ni mpunga na jua kali. Kericho ni majani chai, baridi na mvua ya mawe alasiri. Ukikaribia Molo, viazi na makoti mazito. Pita Nakuru, ushike njia ya kaskazini hadi Marigat, na sasa ni migunga, vumbi na mbuzi. Ramani ya mistari ingepaka kote huko kijani kimoja.

Kwa hiyo hesabu joto peke yake na mvua peke yake, uviunganishe mwishoni. Mwanaikolojia Robert Whittaker wa Marekani alichora uoto wa dunia kwa vipimo hivyo viwili: wastani wa joto na mvua ya mwaka. Jedwali dogo la namna hiyo linatosha mchezo.

Joto halina shida. Lipunguze kadiri unavyoiacha ikweta, kisha toa takriban digrii 6.5 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Hapo utapata barafu hata karibu na ikweta, kama kileleni Mlima Kenya, mita 5,199.

Kabla ya mvua, tazama milima yako. Noizi ya Perlin, yaani namba za nasibu zinazobadilika polepole, hutoa mwambao mzuri lakini hutawanya vilele ovyo, na upepo huvipita pembeni. Chora kwanza safu chache ndefu, uinue ardhi kandokando yake, ndipo uongeze noizi.

Sasa mvua, ambako ndiko kwenye kazi. Upe kila mstari wa vigae, yaani vipande vidogo vinavyounda ramani, upepo wake: kutoka ikweta hadi digrii 30 unavuma kutoka mashariki, 30 hadi 60 kutoka magharibi, kutoka hapo hadi ncha ya dunia mashariki tena. Upepo huo ni mtu aliyebeba ndoo. Juu ya bahari anateka; bahari ikiwa ya joto, ndoo yake ni kubwa zaidi. Akiingia nchi kavu anamwaga kidogo kila kigae, akipanda mlima anamwaga sana, akiteremka upande wa pili karibu hamwagi kitu. Kivuli cha mvua kinajitokeza chenyewe bila wewe kukichora.

Maziwa makubwa yahesabu kama bahari ndogo. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, tunajua: mchana upepo wa ziwa unapanda kuelekea Nandi na Kericho, unakutana na ule wa mashariki, na radi zinaanza. Mchezo usiojua ziwa lolote ila la kuvulia samaki unapoteza utamu huo.

Bado ongeza mvua karibu na ikweta, ambako hewa hupanda, na uipunguze karibu na digrii 30, ambako hewa hushuka ikiwa kavu. Sahara na Kalahari ziko pande hizo. Kama ramani yako inazunguka, yaani ukingo wa mashariki unaungana na wa magharibi, tembeza upepo mizunguko miwili na utumie matokeo ya wa pili tu, la sivyo ukingo ulikoanzia utakuwa mkavu bila sababu. Kisha changanya kila mstari na majirani zake ili michirizi ipotee.

Kuna suala la ukubwa pia. Ramani yenye mistari 50 kutoka ncha hadi ncha inapewa digrii 3.6 kwa kila mstari, kwa hiyo ukanda wa jangwa wa digrii 10 ni mistari mitatu hivi. Mimi huona afadhali ramani ndogo ionyeshe kipande cha dunia, tuseme ikweta hadi digrii 60.

Mipaka ya ukavu usiiweke kwa namba za kudumu. Panga vigae vya nchi kavu kuanzia kikavu kabisa hadi chenye mvua nyingi, ukate kwa asilimia. Hivyo hakuna ramani itakayotoka jangwa tupu. Sehemu za wachezaji kuanzia zichague baada ya hapo. Wengine hurekebisha tabianchi ili kila mchezaji apate haki sawa. Mimi nahamisha mchezaji, siuhamishi mlima.

Kujaribu, tumia bara la mstatili lenye safu moja ya milima kutoka kaskazini hadi kusini, ulinganishe na Andes. Karibu na digrii 20 kusini, pwani ya magharibi ni Atacama, kavu kabisa. Karibu na 45, upande wa Chile ndio wenye mvua na Patagonia ya mashariki ndiyo kavu. Ukavu usipovuka mlima kati ya mistari hiyo miwili, kagua alama ya jumlisha na kutoa kwenye mwelekeo wa upepo.