Ni "rafiki yangu" au "rafiki wangu"?

SWALI: Binti yangu wa Gredi ya 6 aliandika insha yenye kichwa "Rafiki yangu wa dhati". Mwalimu amekata "yangu" kila ilipotokea kwa wino mwekundu na kuandika "wangu" juu yake. Anasema rafiki ni mtu, na kila chenye uhai kiko katika ngeli ya A-WA, yaani kundi la "mtu amefika, watu wamefika". Amesahihisha pia "mwalimu yetu" kuwa "mwalimu wetu". Mimi nimelelewa Mombasa na sikumbuki mzee yeyote akisema "rafiki wangu". Je, muda wote huo tulikuwa tukikosea? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hamkukosea, ndugu yangu. Tazama hata nilivyokuita: ndugu yangu. Huyo mwalimu naye, nina hakika, akipiga simu nyumbani humwita mzazi wake "mama yangu", na Wakristo wakisali husema "Baba yetu uliye mbinguni". Ikiwa uhai peke yake ndio unaoleta "wangu", basi mama na baba wangetangulia kuipata.

Imani hii imeenea mno, hasa shuleni, na inaniuma kwa sababu inawafanya watoto waone haya kwa Kiswahili walichokisikia kwa bibi zao. Imezaliwa na kanuni ya kweli iliyopelekwa mbali kuliko inavyofika. Ni kweli kwamba majina kama rafiki, kaka, simba na mbwa yana umbo la ngeli ya I-ZI (kama nyumba yangu, nyumba zangu) lakini, kwa kuwa yanataja viumbe, huchukua upatanisho wa A-WA. Twasema "rafiki huyu mwema amefika". Hakuna asemaye "rafiki hii njema imefika". Kitenzi, kivumishi cha sifa na kionyeshi vyote hufuata uhai. Kimilikishi (yangu, wangu, zangu) ndicho chenye njia yake: kwa majina ya udugu na ukaribu kimebaki pale pale kwenye umbo la jina. Ndiyo maana sentensi moja hubeba vyote viwili bila ugomvi: "Rafiki yangu yule mrefu amekuja." Yangu imelifuata umbo, yule, mrefu na amekuja vimemfuata mtu.

Rudi sasa kwenye kichwa cha insha ya binti yako. "Rafiki yangu wa dhati." Mtoto ameandika "yangu", kisha papo hapo akaandika "wa", na vyote ni sahihi! Kihusishi cha -a unganifu hufuata uhai, hivyo twapata rafiki wa kweli, Baba wa Taifa, na ile methali "adui wa mtu ni mtu". Lakini huyo huyo adui akimilikiwa huwa adui yangu. Mtoto wa miaka kumi na kitu amepita kwenye njia panda hiyo bila kujikwaa, kwa kuwa sikio lake linajua. Mwalimu hakuigusa "wa". Aliigusa "yangu" tu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umo katika maneno yaliyofupishwa, maana kifupisho huhifadhi mambo ambayo masikio yetu yameacha kuyatilia maanani. Mke wake hufupishwa kuwa mkewe, mume wake akawa mumewe, mwana wake akawa mwanawe. Iko wapi herufi w? Ipo, wazi kabisa. Sasa fupisha ndugu yake: nduguye. Rafiki yake: rafikiye. Wakiwa wengi: nduguze, rafikize, kutokana na "zake". Kama asili ingekuwa "rafiki wake", tungekuwa na "rafikiwe" na "nduguwe", maneno ambayo sijayasikia kwa mwenyeji yeyote wa pwani. Na Kiunguja, lahaja ya Zanzibar katika pwani hiyo, ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hiyo tunaloongea hapa si lafudhi ya kando.

Nani basi huchukua "wangu"? Kwanza, wote wenye kiambishi cha M-: mke, mume, mtoto, mpwa, mkwe, mchumba. Kwa hiyo shangazi yangu na mjomba wangu wanaweza kuketi kwenye mkeka mmoja, mmoja ndugu wa baba na mwingine ndugu wa mama, kila mmoja na kimilikishi chake. Pili, watu wa kazi na vyeo: fundi wangu, daktari wangu, dereva wangu, kiongozi wetu. Hawa wengi hawana M-, ila si majina ya udugu. Jirani, shemeji, wifi, binamu, adui na rafiki hubaki na "yangu".

Nadhani walimu walifika hapa kwa nia njema. Nairobi utasikia "mtoto yangu" na "mtu yangu" mchana kutwa, na Kiswahili cha Lubumbashi, Kongo, nacho kina "mutoto yangu" kama mazungumzo yake ya kawaida. Mwalimu anayefundisha sanifu lazima aitoe hiyo "yangu" darasani, na katika kuifukuza amefukuza na ile isiyo na hatia.

Katika wingi, sema rafiki zangu au marafiki zangu. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inasema "Wapendeni adui zenu", ingawa kitenzi chake kingekuwa wa-. "Marafiki wangu" imeshazoeleka sana na mimi simnyimi mtu alama kwa ajili yake, ila mwenyewe naandika zangu.

Wanyama wana mtindo wao: mmoja ni ng'ombe wangu, wengi ni ng'ombe zangu. Una faida kubwa, kwa sababu neno ng'ombe halibadiliki katika wingi. Mfugaji akianza tu kusema "ng'ombe zangu…", kabla hata ya kufika kwenye "wamepotea", ushajua kwamba hali ni mbaya.

Nenda shuleni na daftari, umwone mwalimu faraghani, si mbele ya wanafunzi. Mwombe asome kichwa cha insha kwa sauti akiweka "mama" mahali pa "rafiki", kisha muandike pamoja mkewe na nduguye kwenye karatasi. "Mwalimu wetu" aliyoisahihisha ni sawa na iachwe ilivyo. Zile "yangu" zirudishwe, na binti apewe alama zake.