Fundi Anajibu: Intaneti Ifike Uani kwa Waya

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi nyumba ya marehemu baba, Ngamiani, Barabara ya 12: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna vyumba viwili na jiko. Ruta iko chumba cha mbele. Mdogo wangu anafanya kazi za mtandaoni akiwa uani, na kila mkutano ukianza waifai inakata. Tumeamua kuvuta waya. Duka moja linauza boksi la waya wa intaneti wa daraja la Cat6, duka la pili lina Cat6 kwa karibu nusu ya bei hiyo, la tatu wananisukumia Cat8. Fundi umeme naye anasema tuupitishe kwenye paipu ya umeme tuokoe gharama. Nimsikilize nani?
Binti wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na fundi umeme, maana la kwake ni la hatari. Mkatalie. Paipu ile imebeba volti 230. Siku ganda la waya mmoja litakapochubuka, au kuyeyuka kwa joto, umeme utapata njia hadi kwenye kompyuta ya mdogo wako na vidole vyake. Hata ajali isipotokea, umeme unaokwenda sambamba na waya wa data huutia kelele, data ikavurugika. Paipu ya intaneti iwe peke yake, na pale inapofuatana na ya umeme iachwe nafasi ya sentimita 30 hivi. Zikilazimika kukutana, zikatane msalaba, zisilaliane.

Sasa hiyo ya nusu bei. Mimi nimezeekea kwenye nyaya za simu za mezani, na waya huu naujua tabia zake. Ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu juu. Boksi litaandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, na pembeni pengine utaona CCA, yaani alumini iliyovikwa shaba, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na ukiikunja mara chache hukatika. Viwango vya kimataifa vya waya wa aina hii vinataka shaba tupu, kwa hiyo CCA si Cat6 hata boksi liape. Kasoro yake utaiona zaidi siku utakapofunga kamera mlangoni inayopata umeme kupitia waya huohuo: waya utapata moto na kamera itakuwa ya kuzimika na kuwaka.

Kabla hujalipa, omba kipande kifupi. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi moyoni, alumini itakuonyesha weupe mara moja. Kisha nyanyua maboksi yote mawili, maana kwa kawaida kila moja lina mita 305. La shaba litakuvuta bega. Muuzaji akikataa kukukatia kipande, aga kwa adabu uondoke.

Cat8 waachie wenye vyumba vya seva, zile kompyuta kubwa za kuhudumia mitandao. Imetengenezwa kwa masafa ya mita 30, ni nene, ni ngumu kukunja, na nyumbani kwako haina kazi. Cat5e, daraja la chini ya Cat6, ikiwa ya shaba hupitisha gigabiti 1 (megabiti 1000) kwa sekunde hadi mita 100, na sidhani kifurushi unacholipia kinafika hata nusu ya hapo. Mimi ningechukua Cat6, kwa kuwa hadi kama mita 55 inaweza kufika gigabiti 10, na waya wa ukutani hukaa miaka mingi kuliko ruta yoyote. Lakini niwekee mezani Cat5e ya shaba na Cat6 ya alumini, nabeba Cat5e na wala sigeuki nyuma.

Njia ya kupita unayo tayari. Aliyejenga nyumba za Kiswahili alitufanyia hisani, ukumbi unanyooka kutoka barazani hadi uani. Panda na ukuta, pita juu ya milango ndani ya mfereji wa plastiki wa kubandika, wala huhitaji kuchimba. Usiuweke juu ya dari ukagusana na bati. Jua la Tanga la Januari linapika kila kilichoko kule, na waya wa data ukipata joto nguvu yake hushuka. Kwenye kona usiuvunje. Duara lake lisipungue mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukitokeza nje kule uani, tumia waya wa nje wenye ganda jeusi, kwa sababu ganda la waya wa ndani hupasuka juani. Upite kwenye paipu ya milimita 25, na humo acheni kamba ili kesho mtu avute mwingine bila kubomoa. Bora zaidi vuteni miwili leo leo. Gharama kubwa ni ya fundi.

Mwisho wa waya uwe soketi ya ukutani. Usiache kichwa kinaning'inia, kitavutwa na watoto. Kutoka soketi hadi kompyuta nunua waya laini wa kiwandani. Na soketi isikae chini ya dirisha linalopokea upepo wa bahari, maana chumvi hula vile vimguso vyake.

SWALI: Assalamu alaykum. Nina nyumba ya wageni Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Waifai haivuki chumba cha kwanza. Fundi amekuja na grinda kuchimba mifereji ya nyaya.
Mwenye Nyumba, Bagamoyo

JIBU: Waalaykum salaam. Grinda irudi ilikotoka. Kuta hizo nene ndizo zinazomeza waifai, na chokaa yake ukiichimba kisha ukaziba kwa saruji, unyevu utanasa ndani na plasta itaanza kubanduka. Tena majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo pita kwanza ofisi ya Mambo ya Kale hapo mjini kabla hujagusa kitu. Waya upite juu ya uso wa ukuta, pembeni mwa boriti za dari, uvukie kwenye tundu lililokwisha kutobolewa kwa ajili ya umeme wa zamani kama halitumiki tena. Kila ghorofa weka kituo kimoja cha waifai kinacholishwa kwa waya. Kama kuna banda la nyuma lenye mita yake ya umeme, hapo vuta faiba, waya wa nyuzi za kioo. Kioo hakipitishi umeme wala radi.

SWALI: Nimefunga vichwa vya waya wa intaneti mwenyewe, kipimo kinawasha taa zote nane, lakini intaneti inasuasua. Kosa liko wapi?
Kijana wa Makorora, Tanga

JIBU: Bila shaka umepanga rangi zikufurahishe macho, jozi kwa jozi. Kipimo hicho kinaangalia kama uzi umefika tu, hakijui umesokotwa pamoja na uzi upi. Kata vichwa vyote viwili upange hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ndiyo, kijani inatenganishwa na mwenzake, na bluu inakaa katikati yao. Msokoto usiufungue zaidi ya sentimita 1 na kidogo. Ukimaliza, kompyuta ikionyesha kasi ya megabiti 100 badala ya 1000, kuna uzi haukubanwa vizuri: megabiti 100 hutosheka na nyuzi nne, gigabiti inazitaka zote nane. Ila kama unapimia kwenye runinga usijisumbue, nyingi zina tundu la megabiti 100 tu.