Maswali Yenu: Ukingo wa Stempu Usiuchane

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba ameacha kasha la stempu ambazo hazijatumika, nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika, nyingine za Tanzania za miaka ya sitini, na chache za Ulaya. Baadhi zina ukanda mweupe pembeni, na nyingine zimeshikana na vipande vitupu visivyo na picha wala bei. Haziingii vizuri kwenye albamu. Vipande hivyo vina thamani yoyote, au nivichane? – Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Usichane chochote. Kipande kitupu kikiwa peke yake kwa kawaida hakina mnunuzi. Kikiwa bado kimeshikana na stempu yake, kinaweza kuwa ndicho kinachobeba bei.

Ukingo ni karatasi iliyobaki pembeni mwa shiti baada ya kuchapa. Ukiwa mweupe kabisa, kwenye stempu ya kawaida hauongezi kitu, lakini una faida mbili. Kwanza, ukilazimika kutumia bawaba ya karatasi, yaani kijikaratasi chenye gundi cha kushikizia stempu kwenye albamu, ibandike kwenye ukingo, na gundi ya stempu yenyewe ibaki haijaguswa. Pili, ukingo ni ushahidi. Stempu inayodaiwa kuwa na kasoro ya kukosa vitundu vya kuchania upande mmoja inaweza kuwa imekatwa kwa mkasi tu. Ikiwa na ukingo mpana upande huo, udanganyifu wa namna hiyo haupiti.

Thamani hupanda pale ukingo unapokuwa na chapa. Tafuta namba ya bamba, yaani ya sahani ya chuma iliyochapia shiti, na kwenye stempu za rangi nyingi za Harrison and Sons, waliochapa zile za samaki za Tanzania za 1967, angalia vidoa vya rangi, kila wino na kidoa chake. Wakusanyaji huzitaka hizo zikiwa fungu la stempu nne au sita pamoja na ukingo wote. Namba ikichanika katikati, fungu hilo linarudi kuwa stempu nne za kawaida. Zile za Kenya, Uganda na Tanganyika za 1935 zenye jahazi la Ziwa Victoria zichunguze pia dhidi ya mwanga, kwa sababu karatasi ya makoloni ya Uingereza huweza kuwa na herufi za alama ya maji, yaani chapa iliyo ndani ya karatasi yenyewe, ukingoni palipo peupe machoni.

Vipande vitupu vilivyo ndani ya shiti au kijitabu cha stempu ni habari nyingine. Viliwekwa ili hesabu ya pesa itimie. Austria mwaka 1850 ilichapa mafungu yenye nafasi 64, stempu 60 na misalaba minne, kwa kuwa florini moja ilikuwa na kreuzer 60. Misalaba ile ilitupwa ovyo, ndiyo maana leo stempu iliyobaki na msalaba wake ni adimu.

Ubelgiji, kuanzia 1893, iliweka chini ya stempu kijipande chenye maneno ya kuzuia barua isipelekwe Jumapili. Aliyetaka ipelekwe alikichana. Stempu hizo zikikosa kijipande hupungua bei. Israeli ndiyo mfano mkali zaidi: seti ya kwanza ya 1948 yenye vijipande vyake chini huuzwa mara nyingi zaidi ya ile isiyo navyo. Kwa hiyo zile za Ulaya zitazame moja moja kabla hujaamua lolote.

Ukiletewa stempu yenye ukingo uinunue, chukua lenzi ya kukuza mara 10 na uigeuze stempu hiyo. Ukingo uliounganishwa upya hujulikana kwa vitundu visivyolingana na gundi inayong'aa tofauti kwenye mstari wa kuchania. Tumia kibano, maana jasho la vidole huacha alama kwenye gundi. Wala usikunje ukingo nyuma ili stempu ienee. Vitundu vya karatasi kuukuu hukatika ukifungua mara ya pili au ya tatu. Nunua albamu ya mifuko yenye safu ndefu, uilaze stempu humo ikiwa imenyooka.

SWALI: Stempu zangu mpya zimegandana kwa unyevu. Nifanyeje? – Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Usivute kwa nguvu, utabandua uso wa stempu ya chini. Anza na friji: ziweke kwenye sehemu ya kugandisha kwa saa chache, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Gundi ikikakamaa, wakati mwingine huachia yenyewe.

Zikikataa, chukua bakuli la plastiki lenye kifuniko, weka sponji lililoloana chini, juu yake kichanja cha waya, kisha stempu. Maji yasiziguse. Funika, kagua kila nusu saa, na ukiona kona inainuka, tenganisha taratibu kwa kibano. Zianike gundi ikiwa juu hadi zikauke kabisa, ndipo uzilaze chini ya kitabu kizito. Ukizigandamiza zikiwa na unyevu, zitashika tena. Gundi itapoteza mng'ao kidogo. Mwambie mnunuzi hivyo.

Kwa kuzihifadhi kando ya ziwa, epuka mifuko ya PVC, aina ya plastiki ambayo huharibu wino. Simamisha albamu badala ya kuzirundika, mbali na ukuta wa nje, na weka kabatini vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vibadilishe masika yanapoanza.