Ubao, ubavu na bodaboda

Swali la wiki la jarida lilikuwa hili: ni neno gani la kawaida la Kiingereza lenye maana nyingi na historia ndefu kuliko linavyoonekana? Nadhani wengi watataja "set" au "run", kwa kuwa hayo ndiyo yanayojaza kurasa nyingi kwenye kamusi kubwa za Waingereza. Mimi nachagua "board". Nafundisha Kiingereza sekondari, na kila mwaka wanafunzi hulinung'unikia neno hili: mara ni ubao, mara ni kikao cha wakubwa, mara ni kupanda ndege, mara ni chakula cha mpangaji. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Neno hili limeingia katika Kiswahili zaidi ya mara moja, kila mara kwa mlango wake, na sisi tunaishi na hao wageni bila kujua kwamba ni ndugu.

Chukua sentensi ambayo mtu yeyote wa Morogoro angeweza kuisema: "Dogo wa boding kapanda bodaboda kwenda Bodi ya Mikopo, fomu kaziacha kabatini." Boding, bodaboda, bodi, kabati. Yote manne yanatoka katika ukoo wa "board".

Tuanzie mbali. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na neno "bord". Maana yake ya kwanza ni ile inayotarajiwa: mti uliopasuliwa ukawa bapa, yaani ubao. Ila washairi walilitumia kwa kitu kingine. Mwaka 937 mfalme Æthelstan wa Uingereza alipigana mahali paitwapo Brunanburh na majeshi ya Waskoti pamoja na Wanorse (Waviking) waliotoka Dublin. Shairi la vita hivyo limehifadhiwa hadi leo, na mwanzoni kabisa linasema kwamba Æthelstan na ndugu yake Edmund waliupasua "bordweall", ukuta wa mbao. Ukuta huo haukuwa wa ngome. Ulikuwa ni wanaume waliosimama bega kwa bega, ngao ikigusana na ngao. Ngao zenyewe zilikuwa mbao nyembamba zilizounganishwa, na katikati zimewekwa bakuli dogo la chuma la kukinga kiganja cha anayeishika. Mshairi alisema "bord", na msikilizaji wa zama zile akaiona ngao bila kuambiwa zaidi.

Maana hiyo ilikufa. Iliyoishi ni meza.

Meza ya ukumbi wa mtu mkubwa wa zama zile haikuwa samani ya kudumu. Yalikuwa mabao marefu yaliyolazwa juu ya farasi, farasi wale wale ambao fundi seremala wa Keko anaegeshea ubao anapoupiga randa. Chakula kikiisha, mabao yalishushwa na kuegemezwa ukutani, na ukumbi ukawa mahali pa ngoma, pa kesi, au pa watumishi kulala. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1300 mshairi Chaucer, alipotaka kuonyesha ukarimu wa mwenye mashamba mmoja tajiri, alisema meza ya mtu huyo haikuondolewa kamwe, ilisimama ukumbini imetandikwa kutwa nzima. Kwa msomaji wa leo hilo si jambo, maana meza gani haisimami? Kwa msomaji wa wakati ule ilikuwa ishara kubwa: mgeni hapa hafiki akakuta mezani pamefungwa.

Kufikia hapo Kiingereza kilikwishapata "table" kutoka Kifaransa, na jina hilo ndilo lililochukua samani yenyewe. (Sisi meza yetu tumeipata kwa Wareno, kwa hiyo safari hiyo haikutufikia.) "Board" ikabaki na mambo yanayotendeka mezani, na yako mawili, kula na kuamua.

La kula ni rahisi kulifuata. Anayelipia kula mezani pa mwingine akaitwa "boarder". Kodi ya chumba pamoja na chakula ikawa ya kitanda na "board". Shule inayomlisha mwanafunzi na kumlaza ikawa "boarding school". Sisi tuliipokea kwa sauti, tukasema boding, ingawa rasmi tunasema bweni, na Zanzibar husema dahalia. Mwanafunzi wa boding akilalamikia maharage ya kila siku, analalamikia kiini chenyewe cha neno, kwa sababu kwa asili boding ni sahani. Kitanda kilikuja nyuma yake.

La kuamua lina mengi zaidi. Kufikia miaka ya 1600 Waingereza walikuwa wameanza kuwaita kwa jina la meza watu wanaoizunguka kwa shauri. Mfano mzuri kuliko yote naupata katika nyumba ya wafalme wa Uingereza, palipokuwa na baraza lililoitwa Board of Green Cloth, yaani Meza ya Kitambaa cha Kijani. Lilikagua hesabu za nyumba ya mfalme na kushughulikia mambo yaliyotokea katika eneo la kasri. Kitambaa cha kijani ndicho kilichotandikwa juu ya meza waliyokaa. Baraza hilo lilidumu kwa jina hilo karne kwa karne, na mamlaka yake ya mwisho, ya kutoa leseni za vilabu vya pombe vilivyo karibu na kasri, yaliondolewa mwaka 2004 tu. Meza ikageuka watu, watu wakageuka taasisi, na kitambaa kikabaki ndani ya jina.

Taasisi za namna hiyo ndizo zilizotufikia. Serikali za kikoloni ziliunda bodi za mazao, nchi zilipopata uhuru zikaziendeleza au zikazifufua kwa sura nyingine, na neno likashuka kutoka ofisini hadi shambani. Leo mkulima wa Newala ambaye hajawahi kusoma Kiingereza anajua vizuri Bodi ya Korosho ni nani. Wa Kilimanjaro anaijua Bodi ya Kahawa iliyo Moshi. Kenya wanayo Bodi ya Nafaka na Mazao. Hapa neno limekuwa letu kabisa: lina ngeli yake, na linaleta ugomvi wake kila msimu bei inapotangazwa. Lakini ile meza imepotea. Tukisema "bodi imekaa", tunaona watu na mihuri, hatuoni ubao.

Kwenye meza hiyohiyo walikaa pia wacheza karata. Miaka ya 1600 mcheza karata mwaminifu aliweka mikono yake juu ya ubao, kila mtu aione, na kutoka hapo Kiingereza kikapata "above board", maana yake jambo la wazi lisilo na hila. Nasi tunajua kinachopitishwa chini ya meza ni nini. Tulifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Sasa kabati, ambalo nalipenda kuliko yote. Kwa kawaida linanasibishwa na "cupboard", na ukilitazama neno hilo kwa maandishi utaona vipande viwili vya wazi, kikombe na ubao. Katika miaka ya 1300 ndivyo lilivyokuwa: "cupboard" ilikuwa meza ya wazi ambapo mwenye nyumba alipanga vikombe na vyombo vyake vya thamani ili wageni wavione. Haikuwa na mlango. Ilikuwepo ili kuonyesha. Baadaye, hasa katika miaka ya 1500, jina likahamia kwenye sanduku lenye milango ya kufungia vitu. Kazi ya chombo ikapinduka, kutoka kuonyesha hadi kuficha, na jina halikubadilika.

Maandishi pia hayakubadilika, lakini ulimi ulibadilika. Mwingereza haitamki ile P, wala hasemi "board" mwishoni. Husema kitu kama "kabad". Tazama tulichokichukua: ka-ba-ti. Hakuna P, hakuna "bodi". Hii ni alama kwamba neno lilishikwa kwa sikio, si kwa jicho. Lingekuja kupitia vitabu, huenda leo tungekuwa tunasema "kapibodi". Kiingereza cha mdomoni kilikuwa kimekwisha kulisaga neno hadi mbao zake zisionekane, na sisi tukaongeza irabu ya mwisho tukafunga mlango. Wanafunzi wangu wakiona kabati na bodi ubaoni, hakuna anayehisi undugu mpaka ahesabiwe hatua moja moja.

Nimesema habari za ubao, lakini Kiingereza cha kale kilikuwa na "bord" nyingine, iliyofanana kwa sauti na yenye maana ya ukingo au ubavu, hasa ubavu wa chombo cha baharini. Wataalamu hawajakubaliana kama hizo mbili zilizaliwa pamoja. Wanachokubaliana ni kwamba zilichanganyika mapema mno, na si ajabu, kwa kuwa ubavu wa merikebu ni mbao tupu.

Kutoka hapo tunapata lugha nzima ya mabaharia. Meli za Waviking, kama ile ya Gokstad iliyofukuliwa Norway mwaka 1880, ziliongozwa kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni upande wa kulia karibu na tezi. Ubavu wa kasia hilo Waingereza waliuita "steorbord", ubavu wa kuongozea, na hadi leo rubani wa meli au ndege akisema "starboard" anamaanisha kulia. Kwa kuwa kasia lingevunjika likibanwa gatini, chombo kilifunga kwa kushoto. Upande huo ukaitwa "larboard". Fikiria nahodha akipiga kelele katikati ya dhoruba, na maneno mawili ya pande mbili zinazopingana yanaishia sauti moja! Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza liliamuru "larboard" iachwe, wote waseme "port". Manahodha wetu wa majahazi hawakuingia katika mtego huo, kwa kuwa wao hupima pande za chombo kwa upepo: joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea.

Kitenzi nacho kilitoka baharini. "To board" ilikuwa kukaribia ubavu wa chombo cha adui ili kukishambulia. Ukali ukapungua, ikawa kupanda tu. Kile kikaratasi cha kuingilia ndege, "boarding pass", unachokaguliwa pale Julius Nyerere au Jomo Kenyatta kina jina la waliorukia merikebu za watu wakiwa na mapanga.

Na hapa ndipo inapotokea bodaboda. Neno la ubavu na ukingo lilikuwa pia kwa Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioipa Ufaransa jina. Kutoka kwao likaingia Kifaransa, likavaa mavazi ya Kifaransa, kisha likavuka bahari kwenda Uingereza likiwa "border": kwanza pindo la nguo au la picha, halafu mpaka wa nchi. Kwa hiyo Kiingereza kilikuwa na neno tangu zamani, na jamaa yake akarejea nyumbani kwa jina jingine, akapokewa kama mgeni.

Ukoloni ukachora mpaka kati ya Kenya na Uganda, na mji wa Busia ukajikuta una pande mbili. Kati ya kituo cha ukaguzi cha nchi moja na cha nchi ya pili palikuwa na kipande cha barabara ambacho mwenye mizigo alipaswa kukitembea kwa miguu. Miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli, zilizofungwa kiti cha sponji juu ya kerieri, walianza kuwavusha watu na magunia yao, wakinadi kwa kelele: boda, boda! Kutoka mpaka hadi mpaka. Kulirudia neno mara mbili ni kazi yetu wenyewe, jinsi tulivyosema daladala kwa basi la nauli ya dala, yaani shilingi tano. Baiskeli zikaipisha pikipiki, pikipiki zikaenea Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona mpaka wowote. Leo bodaboda inakutoa sokoni hadi nyumbani, na mpaka wa Busia unasafiri ndani ya jina lake.

Ya siku hizi ni mepesi. Kibodi ilikuwa ya vinanda kabla ya taipureta na kompyuta. Dashibodi ilikuwa ubao halisi uliowekwa mbele ya kigari cha farasi ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie dereva; farasi waliondoka, ubao ukabaki, ukapewa saa za mafuta na mwendo.

Ila tusimkaribishe kila anayefanana. Bodi la gari, lile linalonyooshwa na kupigwa rangi gereji, halimo katika ukoo huu. Hilo ni "body", mwili, na kwa bahati tunalitenga hata kwa ngeli: bodi la gari, bodi ya wakurugenzi. Wala kijana anayesema "hii kitu inaboa" hajagusa "board", japo Mwingereza hutamka "bored" na "board" sawasawa kabisa.

Ombi langu ni kwa wanaotunga kamusi zetu. Kutuambia tu kwamba kabati na bodaboda yametoka Kiingereza hakutoshi. Tupeni mstari mmoja zaidi, ili anayetafuta bodaboda aelekezwe kwenye boding, na anayetafuta boding aelekezwe kwenye kabati. Mwanafunzi akiwa na mstari huo, orodha ya maana kumi za "board" anayokaririshwa darasani itageuka njia anayoweza kuipita mwenyewe.